Mfasiri wa Oli

Ukumbi wetu ulikuwa mabati kumi na tisa na blanketi mlangoni,
nyuma ya soko, pale Oli, Arua,
enzi hizo bado ni mji, haujatangazwa jiji.
Mia tatu kuingia. Mtoto wa kukaa chini, mia.
Mimi nilikuwa mtu wa jenereta:
kumimina petroli, kutovuta sigara,
kulipiga tangi kofi likianza kukohoa.

Ndani, kando ya televisheni, juu ya kreti la soda,
alikaa Draleku na kipaza sauti
kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Filamu zilikuja na Kichina chake,
yeye akizitia Kiswahili cha Oli,
Kilugbara kidogo kwa kina mama wa mihogo,
Kilingala kwa madereva wa Ariwara
ambao mpaka ulikuwa umewafungia nje ya vitanda vyao.

Shujaa alimbatiza Ezati.
Adui akamwita Afisa wa Kodi,
ukumbi ukamzomea kabla hajatenda kosa.
Na yule bwana mwenye ndevu, kule mlimani,
aliyemshika mwanafunzi bega, uso mzito,
midomo ikienda dakika nzima —
Draleku alimpa maneno haya tu:
"Mwanangu, debe la mihogo limepanda tena.
Shuka ukapigane."

Tulicheka.
Lakini kuna aliyeshuka kweli.

Jumanne alikuja Zamuyeti,
mumewe alikwenda Sudani na lori la bia,
mwaka wa pili huo, bia imefika, lori limefika.
Alikaa benchi la tatu, mkoba mapajani,
kama mtu aliyeko zahanati.
Siku hiyo mkanda ulikuwa wa daraja:
mwanamke amesimama, theluji inaanguka
(theluji, kwa Draleku, ilikuwa pamba ya chama cha ushirika
iliyomwagwa na wezi),
amesimama, amesimama, hakuna ajaye,
maandishi ya mwisho yanaanza kupanda.

Kipaza sauti kikanyamaza.
Nilidhani waya umekatika, nikachungulia.
Draleku alikuwa akitazama benchi la tatu.
Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma risiti:
"Huyu mnayemwona hangoji mtu. Anapunga upepo.
Mume amekwisha rudi, yuko ndani, anaoga.
Ameuliza sabuni iko wapi."

Zamuyeti alicheka hadi akashika nguzo.
Juma lililofuata aliomba mkanda uleule.
Na lililofuata.
Mara ya tano Draleku hakumtoza.

Mwaka jana niliipata ile filamu, kwenye simu,
ina maandishi chini, tafsiri halali, ya kulipia.
Bwana wa mlimani anazungumzia heshima ya ukoo.
Mwanamke wa darajani hasemi kitu.
Nilirudisha nyuma mara tatu
nikitegea sikio mihogo.

Ukumbi siku hizi ni duka la kubashiri mpira,
vijana wanatazama mbwa wa kompyuta wakikimbia, hakuna anayecheka.
Draleku nilimkuta barabara ya Rhino Camp
mbele ya duka la magodoro, spika mbili,
sauti ileile, imeota kutu kidogo pembeni.
Nikamuuliza nililobeba miaka yote:
"Hivi, Kichina ulikijua?"
Akanitazama.
"Wewe petroli ulijua inavyowaka?"

Halafu akainua kipaza sauti, barabara nzima ikasikia:
"Tazameni, yule kijana wa jenereta amerudi!
Ameota kitambi, amejificha nyuma ya miwani,
moyoni anasema, nitalala chini hadi lini?
Anatia mkono mfukoni... anautia... "

Na mkono wangu, jamani, ulikuwa mfukoni.
Inchi sita, la maua ya bluu.
Nililibeba kichwani hadi nyumbani
ingawa nilikuwa nalo jingine.